Ndani ya Mninga

Kwa miaka ishirini na miwili mjane alikuwa akiigonga ile mininga tisa kwa vidole, kama mtu apigaye hodi, akijiuliza ndani kuna nini. Marehemu mumewe aliipanda mpakani mwa shamba, akaondoka kabla hajajua kama itafanya moyo mwekundu, ule wa mbao ngumu, au itabaki nyeupe tupu, chakula cha mchwa.

Sasa shemeji yake, aliyelima nusu ya pili ya shamba, alichoshwa na kivuli kilichodumaza mahindi yake. Wakapatana fundi seremala atoboe mti mmoja. Maranda yakitoka mekundu, mininga ibaki. Yakitoka meupe, shoka.

"Chagua mwenyewe, shemeji," akamwambia mjane, "usije ukasema nimekuonea."

Mjane hakusita. Alichagua mnene kuliko yote, ule wa nyuma ya jiko, kipenzi chake, aliounywesha maji ya vyombo kila siku. Fundi akazungusha keekee. Maranda yakatoka meupe. Keekee ikazama yote, na bado meupe pe.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!" shemeji akacheka.

"Kipande cha mti ndicho tunachotafuta," fundi akajibu.

Roho ilimwuma mjane, lakini udadisi wake ulikuwa mkaidi kuliko uchungu. "Fundi, kwa nini mweupe?"

"Huu umeudekeza, mama. Umenenepa harakaharaka, moyo bado. Hakuna uliokula shida?"

Ulikuwepo, mwembamba, kwenye mawe. Mjane hakuwahi kuupa hata kata moja ya maji.

"Tulisema mti mmoja," shemeji akakumbusha.

"Kata kesho. Leo niache nijue."

Shemeji hakukataa. Naye alitaka kujua, ingawa asingekiri ng'o.

Meupe. Meupe. Kisha keekee ikagoma, fundi akaiegemea kwa kifua, na maranda yakaanza kutoka mekundu. Mjane akayakinga kiganjani, machozi yakamtoka. Aliuonea haya mti ule.

"Miaka kumi na mitano mingine, ndipo mtapata mbao za maana," fundi akasema.

"Nitakuwa na themanini!" mjane akacheka huku analia.

Shemeji alikuwa amechuchumaa, anachonga kijiti kwa panga. Akakipigilia kwenye tundu, kikabana sawasawa.

"Maji yasiingie," akasema.

Kisha akachonga cha pili, akaenda kuuziba ule wa nyuma ya jiko.