Spika Zinazomeza Maneno

Msusi alikuwa ameshakata shauri kabla hawajatoka nyumbani. Leo angemsindikiza mumewe kununua spika, angeshika boksi akiambiwa ashike, angesifia akiombwa asifie, na wakisharudi angemwambia kwamba anahamia kwa dada yake mkubwa. Si talaka, jamani. Alitaka tu kukaa mahali ambapo mtu akisema "habari za kazi" anapata jibu. Mwanamke anayeshika vichwa vya watu na kupiga soga tangu anapofungua saluni mpaka anapoifunga hawezi kurudi nyumbani akazungumza na ukuta. Ukuta angalau haukoromi.

Mwaka mzima sasa mumewe alikuwa akijitia hamnazo. Msusi akisema kitu jikoni, kimya. Akiuliza kitu kitandani taa ikishazimwa, kimya. Siku nyingine, kwa bahati, bwana anajibu vizuri, tena kwa utani, kama vile hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mtu asiyeweza kusema humwonei kinyongo. Huyu aliweza, ila alichagua siku.

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na pale karakana walimwita Cheche. Jina lilimganda hata mashemeji wakasahau lile la kuzaliwa. Tangu ujana wake alikuwa akikata vyuma kwa mashine inayolia kama mbuzi anayekabwa, na vizibo vya masikio aliviona ni mapambo ya watu wanaoogopa kazi. Furaha yake ilikuwa moja tu: jioni, shati limevuliwa, muziki wa dansi sebuleni.

Na furaha hiyo ilikuwa imeharibika.

"Ile spika imekufa," alisema asubuhi hiyo akitafuta viatu. "Waimbaji wanameza maneno. Hata wasoma habari, wanasoma kama wana mkate mdomoni. Nimebadilisha waya, nimepuliza vumbi, bado. Twende wote, mama. Nalitaka sikio lako."

Msusi nusura acheke. Sikio lake! Na ulimi wake je, hautakiwi?

Duka la kwanza lilikuwa moja ya yale makubwa yenye matawi kila upande wa mji, ukutani televisheni zimepangwa safu kwa safu na zote zinaonyesha samaki yuleyule. Cheche alikuwa na utaratibu wake wa kusikiliza. Alitoa flashi mfukoni, yenye wimbo mmoja tu, ule waliouchezea siku ya harusi yao, maana alisema ukitaka kupima spika usibadilishe wimbo, kama usivyobadilisha rula katikati ya dirisha. Wimbo ukianza, anakaa wima, mikono juu ya magoti, macho kayafumba fumbu. Ukimwona ungedhani anasubiri kung'olewa jino.

"Zimeziba," alisema baada ya ubeti mmoja.

Muuzaji akaleta jozi nyingine.

"Hizi nazo zimeziba. Ongeza zile sauti nyembamba. Ongeza tena. Ongeza, bwana, mbona unaonea huruma?"

Muuzaji akaongeza mpaka kitufe kikagoma. Gita likatoka kali kama kisu kinachokwangua sahani. Mwanamke aliyekuwa akipima friji upande wa pili aliufunga mlango wa friji na kuziba masikio. Kichanga kikaanza kulia, mama yake akawatazama kwa jicho ambalo Msusi aliliona hadi uti wa mgongo.

"Naam!" Cheche alisema, amefungua macho, uso unang'aa. "Sasa zinaanza kuzungumza."

"Cheche, watu wanaumia."

Lakini alikuwa amegeuka kumtazama muuzaji, na hakujibu. Msusi akalimeza kama alivyomeza mengine. Haya, alijisemea, endelea tu baba, malipo yako yako njiani. Dakika chache baadaye mkuu wa duka alikuja na tabasamu la kumtolea mtu nje, akawaambia kwamba kuna tawi jingine mtaa wa pili lenye chumba maalumu cha kusikilizia, chenye mlango. Neno "mlango" alilitamka mara mbili.

Chumba hicho kilikuwepo kweli. Zulia hadi ukutani, sofa moja katikati, spika zimesimama mbele jozi kwa jozi kama maharusi wanaosubiri picha. Muuzaji wa huku alikuwa mtu mzima mwenye upara na kitambulisho kilichoning'inia shingoni, mpole, asiye na haraka. Alimkaribisha Cheche kwenye sofa, akamwambia Msusi, "Na wewe mama, karibu, kuna nafasi," lakini Msusi akabaki amesimama nyuma ya sofa. Miguu ya msusi imezoea kusimama, na leo hakutaka kukaa bega kwa bega na mtu anayemwacha.

Wimbo ukaanza. Na jamani, zile spika! Msusi hakuwa mtu wa spika, lakini alimsikia mwimbaji akivuta pumzi. Alimsikia mpiga gita akisogeza kidole. Na baada ya kiitikio, ile kengele ndogo, ting ting ting, iliyomfanya siku ya harusi ainue bega lake la kushoto na kumfanya bwana harusi akanyage pindo la gauni. Machozi yalimkaribia, akayarudisha.

"Hizi hizi," alisema. "Hata kengele inasikika."

Cheche, macho kafumba, hakutikisika. Msusi akamgusa bega, naye akageuka. "Nimesema hata kengele inasikika!"

"Kengele gani?"

"Ya baada ya kiitikio."

"Wimbo huu hauna kengele."

"Unayo! Tangu lini haina? Si ndiyo uliyonikanyagia gauni?"

"Ile nilikanyaga kwa sababu ya viatu." Akamgeukia muuzaji. "Bwana, tutenganishe. Kuna kengele humu?"

"Ipo, mzee wangu," muuzaji alisema kwa sauti ya mtu aliyewahi kuingilia ugomvi wa watu akajuta. "Ngoja niwarudishie palepale."

Akausimamisha wimbo, kisha akaelekeza rimoti kuurudisha nyuma. Mashine haikuitikia. Akaibonyeza tena, akaitikisa, akaifungua mgongo kuziangalia betri. Chumba kilikuwa kimya kabisa, kimya cha zulia hadi ukutani. Na katikati ya kimya hicho Cheche, macho kafumba, mikono magotini, alitabasamu na kutingisha kichwa taratibu.

"Aa, hiyo! Ndiyo, ndiyo, naisikia. Kengele nzuri."

Muuzaji akabaki na betri mkononi.

Msusi alilijua lile tabasamu. Alilijua kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe. Ni lile la mteja aliyekaa chini ya draya, kichwa ndani ya lile kofia linalovuma, ukimuuliza kama moto umezidi anatabasamu na kutingisha kichwa. Ukimwambia nyumba yako inaungua, anatabasamu na kutingisha kichwa. Hasikii hata herufi, ila hataki kuonekana mjinga, basi anakubali kila kitu kwa adabu. Miaka yote amekuwa akiwacheka wateja hao kimoyomoyo. Haikumpitia akilini kwamba ana mmoja nyumbani kwake, bila draya.

Akasimama palepale nyuma ya sofa, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya jikoni, "Nahamia kwa dada."

Cheche aliendelea kutingisha kichwa.

"Kesho. Nimeshafunga nguo. Chumba kimeshafagiliwa."

Muuzaji aliinamisha uso na kulitazama zulia kama mtu aliyedondosha sarafu. Cheche alianza kuimba kidogo puani.

Msusi akazunguka sofa, akamgusa goti, akasimama mbele yake. "Unataka chai?"

Cheche akafungua macho. "Chai saa hizi? Tutakunywa nyumbani." Jibu limetoka pale pale, bila kusita.

Msusi akaweka kiganja mdomoni, kama anayekohoa, akauliza vilevile, kwa sauti ileile.

"Eh? Toa mkono, mama, sema vizuri."

Msusi aliketi sofani. Yakamjia yote kwa mkupuo. Jikoni: alikuwa akisema huku amempa mgongo, anakoroga chungu. Kitandani: taa imezimwa. Njiani: yeye nyuma na mifuko, bwana mbele na hatua zake ndefu. Na siku zile za bahati, siku za utani, ni mezani, uso kwa uso, chini ya taa. Hasira aliyoibeba mwaka mzima, akaipigia pasi na kuikunja vizuri kwa ajili ya leo jioni, ilikosa pa kuvaliwa.

"Cheche," alisema, akimtazama. "Spika zote ni nzima. Hata ya nyumbani nzima. Masikio ndiyo yameharibika."

"Masikio ya nani?"

"Yako, baba. Sasa ya nani, ya huyu bwana?"

Huyu bwana alikumbuka ghafla kwamba ana betri za kutafuta stoo, akatoka na kuufunga mlango taratibu.

"Mimi si kiziwi!" Cheche alisimama. "Sasa hivi ninakujibu au sikujibu?"

"Unanisikia kwa macho."

"Kwa macho! Tangu lini watu—"

"Fumba."

"Sifumbi."

"Kwa nini?"

Hakujibu, na safari hii alikuwa amesikia. Alikaa tena, polepole, akaiangalia mikono yake yenye makovu ya moto. Alipoongea, aliongea na mikono.

"Wakijua karakana, wataniondoa kwenye mashine. Mtu asiyesikia 'simama' hafai kushika mashine. Nikajisemea labda ni spika. Nikajisemea ni mafua. Mwaka huu mafua yamekuwa marefu."

"Na mimi? Mimi nilitakiwa nijue lini?"

"Wewe?" Akamtazama, kwa mshangao wa kweli. "Wewe si umeninunia? Nilidhani nimekuudhi. Umeacha kuniita. Zamani nikiwa sebuleni ulikuwa unaniita, njoo uonje, njoo ushike hiki. Ukaacha. Nikasema basi, nisubiri, hasira zikiisha ataniita."

"Nakuita kila siku!" Msusi alipiga kelele hivi kwamba hata chumba kile chenye zulia hadi ukutani kilitetemeka. "Kila siku, Cheche! Majirani wanajua jina lako kwa ajili yangu!"

Wakatazamana. Mmoja angecheka, wote wangecheka, lakini hakuna aliyeanza.

"Uliposimama nyuma yangu," Cheche alisema, "ulisema kitu. Yule bwana nilipofumbua macho alikuwa ameinama, haniangalii. Ulisema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema, nilisema spika ni ghali. Angeweza kusema lolote, na mumewe angeamini, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Msusi alimsogelea mpaka pua zikakaribiana, akaongea wazi, neno kwa neno, bila kupandisha sauti.

"Nilisema nahamia kwa dada. Kesho. Nimeshafunga nguo."

Cheche aliufuata mdomo wake hadi neno la mwisho, kisha akakaa akiutazama hata ulipofungwa, kama ambaye bado anasubiri kipande kilichobaki.

"Sema tena," alisema.

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka kuona kama utarudia."

Msusi alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo tangu asubuhi, aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo cha saluni, hayakuja. Alijaribu tena, akajikuta anasema mengine kabisa.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa masikio."

"Jumatatu nina geti la watu."

"Geti lina miguu?"

"Na karakana je?"

"Karakana utawaambia mwenyewe kabla hujakatwa kidole. Ama niwaambie mimi, na mimi unanijua, nikianza sifungi."

Cheche alijikuna shavu. "Na wewe utakuwepo? Hiyo Jumatatu?"

"Kwa daktari unataka uende na nani, upate kumtingishia kichwa kila anachosema? Atakukata mguu ukimwambia naam naam."

Hapo ndipo Cheche alipocheka, kicheko kikubwa kisicho na kipimo, na mlango ukafunguka kidogo, upara ukachungulia. Muuzaji alikuwa amepata betri. Alimtazama mama, akamtazama mzee, akauliza kwa tahadhari kama wameafikiana kuhusu spika.

"Tuwekee hizi," Cheche alisema. "Nitarudi nikishapimwa. Leo nikinunua nitakuwa namnunulia jirani."

Wakatoka. Barabarani jua lilikuwa kali, magari yanapita, watu na mifuko yao. Cheche alitangulia kwa hatua zake ndefu, na Msusi, kwa mazoea, akamfuata nyuma na kuanza kumweleza jinsi dada mkubwa atakavyofoka. Alifika katikati ya sentensi kabla hajagundua kwamba anauelezea mgongo wa shati.

Akakimbia kidogo, akampita, akageuka. Akaanza kutembea kinyumenyume mbele yake, mkoba kifuani, akimweleza tangu mwanzo: habari za dada, kisha za yule binti wa saluni aliyeolewa, kisha za bomba lililopasuka wakati ule, yaani mambo ya mwaka mzima, yaliyokwisha oza na yaliyo mabichi. Watu walipisha, wengine wakicheka. Cheche alikuwa ameyakaza macho mdomoni mwake, na mara kwa mara alinyoosha mkono na kumsogeza kidogo, kushoto, kulia.

"Nguzo, mama," alisema. "Haya, endelea. Bomba likafanyaje?"