Kicheko cha Kubeba Kichwani

Usiku wa jana niliota mfuniko wa sufuria unagongagonga jikoni, alfajiri haijaingia. Nikainuka kuuzima moto ambao sikuuwasha. Kufungua mlango wa jikoni, nikatokea uwanja wa shule ya mjukuu wangu Sikujua, wanafunzi wamesimama mstarini.

Sikujua ana kigugumizi. Wenzake wanamwiga na kumcheka, na wiki hii amegoma kwenda shule. Nimembembeleza mpaka sauti imenikauka.

Kengele ya shule, ile rimu ya gari, imesimama mbele ya watoto, imevaa tai.

"Mwanasaikolojia amekuja kukomesha uonevu," inasema. "Mambo yote ni siri. Wanaoonewa wapite mbele tuwaone."

Hapiti mtu.

"Vizuri. Shule yetu haina uonevu. Makofi."

"Baba," naiambia, "nani atapita mbele, na anayemwonea yuko nyuma yake?"

"Bibi, utaratibu ndio huo. Rudi mstari wa darasa la nne."

Kujitazama, nimevaa sketi ya shule, kanga bado mabegani. Narudi, nitafanyaje.

"Na huyo mwanasaikolojia mwenyewe yuko wapi?"

"Kazi yake ni ya siri. Tumemfungia stoo."

Stoo namkuta mwanasaikolojia, Bi Tumsifu, kakalia ndoo katikati ya mafagio na majembe. Ananipisha ndoo nikae, yeye anasimama. Sijaisahau ndoo ile.

"Kila nikiwaambia wasiwaite watoto mstarini," anasema, "kengele inalia, sisikiki."

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Mtoto afuatwe alipo. Na aliyecheka abebe kicheko chake."

Anasukuma ukuta, tuko nyuma ya tangi la maji. Sikujua amekaa peke yake, kiazi mkononi, hali. Nakaa naye.

Anatokea Zamda, kinara wa kumwiga. Kabeba kicheko kichwani, kikubwa kama gunia la mkaa, na bado kinacheka.

"Bibi, nitue."

"Nani alikutwika?"

"Mwenyewe."

Ameniudhi mtoto huyu siku nyingi. Lakini shingo ya mtoto ni shingo ya mtoto. Navua kanga, naisokota ngata, namwekea chini ya mzigo.

"Haya, kaa. Mwenzako aseme mpaka amalize. Usimmalizie."

"Zam-Zamda," anaanza Sikujua, "kiazi hi-hiki ki-ki..."

Zamda anangoja. Jasho linamtoka, anangoja.

"...kikubwa. Tugawane."

Kicheko kinashuka chenyewe, kinakaa pembeni, kimenuna.

Nikaamka. Kanga niliyojifunika ilikuwa miguuni pa kitanda, imesokotwa ngata, imebonyea katikati.

Sikujua alikuwa kizingitini, anafunga viatu vya shule. Sikuwa nimemsimulia ndoto.

"Bi-bibi," akasema bila kuinua kichwa, "leo utakuja te-tena?"

"Wapi, mama?"

"Pale nyuma ya ta-tangi."