Tiki ya Kisanduku cha Juu

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi friji, na siku hizi anakiri mwenyewe hata kabla hajaulizwa.

Alikuwa msimamizi wa jukwaa la mafundi mtandaoni, upande wa majokofu. Kazi yenyewe haimtoi mtu jasho: mada iliyopotea njia unaihamishia sehemu yake, swali lililojibiwa mara mia unalielekeza kwenye jibu la zamani, na wanaotukanana unawafungia mada yao. Asubuhi ile wawili waliacha kubishania gesi, wakaanza kutukaniana mama zao. Fundi, bisibisi mkono mmoja, simu mkono wa pili, akaona kufunga hakutoshi. Uchafu ule aufute kabisa. Akaweka tiki, akabonyeza harakaharaka kwa kidole chenye grisi, akarudi kuinamia friji ya mteja.

Alipochungulia tena, sehemu nzima ilikuwa nyeupe pe. Tiki alikuwa ameiweka kwenye kisanduku cha juu kabisa, kile kinachozoa mada zote. Miaka tisa ya majibu, yakiwemo ya marehemu mwalimu wake wa kazi, ambaye hakuacha hata daftari. Ujuzi wake wote aliuandika humo.

Akakalia ndoo. Akampigia shemeji yake, mke wa kaka yake, mkutubi aliyelianzisha jukwaa na kulipanga kama rafu zake za vitabu. Salamu alizisahau. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia anywe maji kwanza, kisha akamweleza kwamba kinachofutwa na msimamizi hukaa kapuni siku thelathini, na kapu hilo analiona yeye tu.

Mada zikaanza kurudi, moja moja, halafu kwa mafungu. Ya kwanza ya mwalimu ilihusu friji inayonguruma: "Usifungue kitu. Kwanza isogeze mbali na ukuta." Fundi akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga, moyo ukarudi mahali pake.

Moyo ulipotulia, mdomo nao ukapona. Akaanza kulalamika kwamba mtambo wenyewe una kasoro. Mtu anateleza kidole tu, miaka tisa inakwenda na maji.

"Jambo zito namna hii, shemeji, si mtambo ungemuuliza mtu kwanza?"

"Uulizwe mara ngapi tena? Uliulizwa mara mbili, shemeji. Mara zote mbili ukajibu ndiyo."