Poire ya Mama Hortense

Poire ya mama nilificha juu ya plafond, chini ya mabati, kule panya banachezaka dansi. Ni ile ya caoutchouc ya bluu, banatiaka ndani maji na dawa, halafu banamuingizia mutoto kule nyuma, banasema tumbo isafike. Mu Kikula, commune yetu, ni nyumba gani haina poire? Minye mwenyewe nilikomea na ile tangu utoto: tangawizi, pilipili kidogo, na kilio yenye inafika mpaka ku barabara.

Plamedi, mutoto ya yaya Carine, dada yangu mukubwa, eko na myezi kumi. Ile asubui diare ilishamukamata mara sita. Mama yetu, Hortense, alichemusha maji, akatwanga tangawizi, akabanza kutafuta.

— Pitshou, poire yangu iko wapi?

— Labda ilienda Kakanda, ku mine, kutafuta kazi.

— Sitaki michezo leo. Iko wapi?

— Mama, sikia. Mutoto anapoteza maji mingi. Ukimupiga lavement na ile poire, utamukausha kabisa.

— Nani anasema? Weye? Mwenye ulikimbia iniversité mu G2, mwaka ya pili tu?

Hapo njo nilipata shida. Mwezi yenye ilipita nilitembea avenue nzima na makaratasi mu mukono, nadanganya bantu maji ya robinet itakatika siku tatu. Mama alijaza ndoo, sufuria, hata viatu ya bottes ya papa. Sasa nasema kweli, na Carine ananiangalia midomo, anatafuta kama nacheka. Sikukuwe nacheka. Macho ya mutoto ilishaingia ndani, na tangu asubui hakukojoe hata kidogo.

— Yaya, tumupatie maji ya chumvi na sukari. Nilifundaka ile ku masomo.

Nilikamata chupa ya bière, nikatia maji yenye ilishapoa, nikatia sukari, nikatia chumvi kijiko nzima, ile kijiko kubwa ya kulia. Nikatikisa sawa barman. Carine alishafungua mutoto kinywa. Mama akaninyanganya chupa, akaonja, akatema chini.

— Aa! Hii ni maji ya makayabu!

Mama aliuzishaka samaki ya chumvi ku marché miaka kumi na mbili. Juu ya chumvi, huwezi kumudanganya.

— Na hii chupa, bwana docteur, ni litre?

Niliiangalia. Haikukuwe litre.

— Chumvi ya hivi inaweza kuua mutoto, weye!

Mama akamwanga ile maji yote inje mu lupango.

Carine hakungojee mwisho. Alifunga mutoto ku mugongo, akasimamisha pikipiki ya taxi-moto. Minye na mama tukafuata na miguu, mbio mbio.

Ku centre de santé, infirmière Angèle, mwenye anatunzaka bagonjwa, alifinya ngozi ya tumbo ya Plamedi, akaiachilia. Ilichelewa kurudi.

— Mulimupatia nini ku nyumba?

— Titi tu, Carine akajibu.

— Na bengine? Musinifiche. Sitafute mwenye makosa, nataka kujua minye nimupatie nini.

Nikanyanyua mukono sawa mu classe.

— Minye nilitengeneza maji ya chumvi, ikakuwa mbaya. Lakini hakunywe.

— Kweli hakunywe?

— Kweli.

Angèle akamuangalia Carine. Carine akaitika na kichwa. Hata ku centre de santé banajuaka sifa yangu.

Nilifikiri ile mambo imeisha. Halafu mama akasema, macho yake chini:

— Ku six heures, jua inatoka, mbele bote balamuke, nilimupiga lavement moja. Ya tangawizi. Nilikuwa nataka kumuongezea.

Kumbe minye nilificha poire ku huit heures, masaa mbili nyuma. Kazi ilishafanyika.

— Mama! Carine akalalamika.

— Hata weye nilikulea na ile!

— Mutagombana ku nyumba, Angèle akasema. Sasa najua juu ya nini eko mukavu hivi.

Akapasua sachet ya SRO, unga ya chumvi na sukari yenye imepimwa, akaimwanga yote mu litre moja ya maji safi, litre yenye amepima yeye mwenyewe. Akapatia mama kikombe na kijiko kadogo.

— Kijiko moja, ungojee kidogo, kijiko ingine. Akitapika, mungojee dakika kumi, halafu munaendelea polepole. Titi aendelee kunyonya. Maji yenye itabakia mpaka kesho hii saa, munaimwanga inje. Na ile poire, hapana tena. Akikatala kunywa, muniite mbio, tutamutia serum ku mushipa.

— Na comprimé, dawa ya kufunga tumbo? mama akauliza. Jirani eko nayo.

— Kwa mutoto ya hivi? Hapana. Nitamupatia zinc, siku kumi, hata kama diare itaisha mbele.

Mama anakamata Plamedi ku magoti, anatia kijiko, minye nahesabu. Ku kijiko ya makumi ine Plamedi alitapika yote ku shati yangu. Carine akabanza kulia. Tukangojea zile dakika kumi, mama anaangalia saa ya ku ukuta sawa muntu anangojea treni. Tukaendelea tena.

Karibu na midi, jua juu ya kichwa, mama akasimama mbio. Kikwembe yenye alijifunga ilikuwa na maji ku paja. Akainusa.

— Infirmière! Kuya! Amekojoa!

Bamama bote benye banangojea ku banc bakageuka. Angèle akakuya, akafinya tumbo. Ngozi ikarudi mbio kidogo kupita ya mbele.

— Tunaweza kurudia ku nyumba? Carine akauliza.

— Bado. Akojoe tena mara moja. Muendelee.

Mama akaikala na ile kikwembe yake ya maji, akakamata kijiko.

— Pitshou, tulikuwa ku ngapi?

Nilikuwa nataka kutunga namba, kusema mia tatu.

— Sijue, mama. Nimesahau.

— Basi, banza ku moja.