Sauti Ndani ya Mkwaju

Mke wangu Elieth analipwa kusikiliza watu. Yuko Bungeni, katika ofisi inayoandika kila neno linalosemwa ukumbini, na sasa mheshimiwa akikohoa tu yeye anajua ni nani na anatoka jimbo gani. Wakipiga meza, anaandika kwenye mabano: Makofi. Wakicheka, anaandika: Kicheko. Ungedhani mtu wa kazi hiyo akirudi nyumbani atataka kimya. Humjui. Anavua viatu, anajimiminia chai, anatoka uani kusikiliza ndege.

Mimi nilizaliwa Bukoba, kwenye mvua na migomba, na kwangu ndege wote walikuwa wakipiga kelele moja. Yeye ni wa Mlali, hukuhuku Dodoma kwenye ukame. Utotoni alikuwa akipandishwa juu ya dungu katikati ya shamba la uwele, kombeo mkononi, kuwinga ndege waharibifu. Anasema kwelea kwelea unawasikia kabla ya kuwaona, na ukingoja mpaka uwaone, uwele umeshaliwa. Basi alijifunza sauti ya kila ndege wa pale, ili ajue nani wa kumtimua na nani wa kumwacha ale wadudu wake kwa raha. Leo hana tena wa kumtimua, lakini masikio ni yaleyale.

Tunaishi Msalato, nyumba ya mwisho mtaani. Baada yetu ni pori. Kati yetu na kona ya kanisa kuna misingi na kuta za nyumba ambazo wenyewe hawajarudi kuzimalizia, na pembeni mwa barabara kuna mkwaju mzee mwenye uwazi ndani ya shina. Tangu tuhamie, maji nilikuwa nayafuata mimi, mbali kule barabara kuu, kwa toroli na madumu. Mgongo wangu unalijua kila jiwe la njia ile. Kwa hiyo niliposikia kwamba bomba linaletwa mpaka mlangoni kwetu, nilicheza sebuleni, na binti yetu Ruthu akanicheka mpaka akakaa chini.

Mafundi wa bomba wakaja Jumamosi asubuhi, na katapila, na vijana wenye msumeno wa mashine. Msimamizi wao alikuwa Mzee Yahaya, mtu wa Kondoa, mpole wa maneno ila mwenye haraka. Alikuwa amekwisha kuchora mstari wa chokaa pale mtaro utakapopita. Ulipita katikati ya mkwaju.

Elieth akatoka na kikombe chake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Leo mnapata maji, inshallah."

"Tunashukuru sana. Ila huu mti usikatwe leo. Kuna mama mzazi ndani."

Kijana wa msumeno akarudi nyuma hatua mbili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni ndege, hondohondo," Elieth akaeleza. "Jike. Yumo mle na watoto wake."

Nikamvuta kando. "Mama Ruthu, maji yamefika mlangoni!"

"Nimeona, Baba Ruthu. Hebu sikiliza." Kisha akamgeukia Mzee Yahaya. "Naomba mzime mashine kidogo tu. Msiposikia kitu, mimi mwenyewe nitaondoka hapa."

Mzee Yahaya akatazama saa, akashusha pumzi, akapunga mkono. Katapila likanyamaza. Tukasimama pale, wanaume wazima na kofia zetu, kama watu waliofika msibani. Hakukuwa na kitu. Upepo tu. Mmoja akaanza kucheka, na mimi nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi kwa niaba ya familia.

Ndipo akaja dume. Mdomo mwekundu uliopinda, na ndani yake panzi. Akatua kwenye tawi, akaita: kok, kok, kok, kila mara kwa sauti ya juu zaidi.

Elieth akainua kidole. "Huyo ni baba. Sasa subirini jibu."

Jibu likatoka ndani ya shina. Sauti nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu anayeongea amejifunika blanketi. Nyuma yake zikafuata sauti nyingine nyembamba, zikigombania nafasi.

"Hao ni watoto," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Wawili. Mmoja ni mkubwa kidogo, huyu mwingine koo lake bado halijakomaa."

Dume akarukia kwenye ufa uliozibwa kwa udongo, ambao nilikuwa nikiupita kila siku nikidhani ni kazi ya mchwa. Kwenye tundu jembamba kama kidole ikatokeza ncha ya mdomo, ikampokea panzi, ikarudi ndani.

Elieth akatueleza kwamba jike hujifungia mwenyewe, akaziba mlango ili nyoka asiingie, na akiwa mle manyoya ya mabawa yake hupukutika. Hawezi kuruka mpaka yaote mengine. Maisha yake yote yanategemea yule dume arudi. Alikuwa amegundua tangu mvua zilipoanza kukolea: ndege waliokuwa wakiimba wawili kwenye tawi, sauti moja ilihamia ndani ya mti.

"Mkiukata," akasema, "huyu hana pa kwenda."

Mzee Yahaya akavua kofia yake, akakuna kichwa. "Kwetu namsikia huyu tangu utoto wangu. Sijawahi kujua kwamba kuna anayemjibu." Akautazama mstari wake wa chokaa. "Mama, naweza kuuzungusha mtaro nyuma ya misingi hii yote. Lakini mabomba niliyo nayo hayatawafikia. Yataishia kona ya kanisa. Mengine yatakuja lini, sijui, na sitaki kuwadanganya."

Nilidhani Elieth angejibu palepale. Badala yake akanigeukia.

"Baba Ruthu, anayesukuma toroli ni wewe. Sema wewe."

Nilikasirika, sifichi. Niliyaona madumu yangu yamejipanga ukutani. Halafu nikamtazama yeye, na kikombe chake cha chai kilichopoa, mtu aliyesikia uhai ndani ya gogo ambalo sisi sote tuliliona kuni. Nikajiuliza anasikia mangapi kila siku ambayo mimi napita tu. Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi.

"Zungusha, mzee," nikasema.

Basi maji yakaishia kona ya kanisa, na toroli likaendelea na kazi. Jirani yetu wa kule chini, Restuta, akawa ananitania kila nikienda kuchota: "Shemeji, huyo ndege wenu hajui kubeba hata dumu moja?" Nikirudi nilipumzika chini ya mkwaju. Nilisema napumzika. Nikaizoea sauti ya baba, kisha ya mama. Siku moja mama akabomoa mlango akatoka kumsaidia mumewe kutafuta chakula, na wale watoto wakauziba tena wenyewe kutoka ndani. Niliposimulia ofisini kwangu, wenzangu walidhani nimepigwa na jua la Dodoma kichwani.

Kisha ikaja asubuhi ambayo baba aliita na hakuna aliyejibu. Nikasubiri. Akaita tena. Kimya. Nikalitupa toroli palepale, madumu yakaanguka, nikakimbia mpaka nyumbani.

"Mama Ruthu! Hawajibu! Nyoka ameingia!"

Akatoka na nywele zinadondosha maji. Akasimama chini ya mkwaju, akafumba macho. Taratibu akaelekeza kidole, si kwenye mti, bali kwenye ukuta wa nyumba isiyomalizika.

"Kule."

Nikasikiliza. Kok, kok. Sauti mbili nilizozijua, na mbili nyingine zinazojikwaa, za ndege ambao hawajawahi kuongea nje.

"Wametoka," akasema.

Nikapiga makofi katikati ya barabara, peke yangu, maji yote yamemwagika miguuni. Elieth hakuwatazama ndege. Alinitazama mimi.

"Kumbe siku zote hizi ulikuwa unawasikia."

Nikaokota madumu, nikageuza toroli, nikarudi kona ya kanisa kuchota mengine.