Foleni ya Salamu

Kikao cha kutafuta mchawi kilianza asubuhi sebuleni kwa Mheshimiwa, kabla hata viti vya kukodi havijarudishwa kwa mwenyewe. Jina lake rasmi lilikuwa kikao cha tathmini. Lakini mtu aliyegombea urais wa nchi nzima, akashindwa mpaka kwenye kituo cha kura cha jirani na geti lake, hatathmini kitu. Anatafuta mchawi.

Mkewe alikaa karibu na mlango, begi dogo miguuni. Maboksi ya fulana zilizobaki yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani, kila fulana na uso wa mumewe na neno NAKUSIKILIZA chini ya kidevu, kwa hiyo popote alipogeuka alitabasamiwa. Alikuwa na jambo zito. Daktari alikuwa ameona uvimbe kwenye titi lake, na mchana huo alikuwa anakwenda kulazwa ili apasuliwe. Kusema alishasema, tena zaidi ya mara moja. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikia.

Wa kwanza kujitetea alikuwa shemeji yake, mdogo wa Mheshimiwa, aliyepewa umeneja wa kampeni kwa sababu ya undugu tu, maana hata duka la matairi lilimshinda. Yeye alilaumu fulana. Kitambaa chepesi, alisema, ukifua mara moja uso wa mgombea unahamia mgongoni. Mtaalamu, kijana aliyeletwa kwa ndege pamoja na kompyuta yake, aliona fulana hazina kosa, kosa ni wimbo wa kampeni, uliokuwa wa polepole mno, watu wakausikia wakavua kofia wakidhani kuna msiba. Kisha akageuza kompyuta ili kila mtu aone picha. Hakuna mgombea aliyejaza viwanja kama Mheshimiwa. Hakuna aliyepeana mikono na watu wengi kama yeye. Watu walipanga foleni kumsalimia, na wengine wakimaliza walirudi nyuma kupanga tena.

"Sasa watu wote hawa," aliuliza Mtaalamu, "siku ya kura walikwenda wapi?"

Mke wa Mheshimiwa alitazama begi lake. Jibu alikuwa nalo, na nchi nzima ilikuwa nalo, isipokuwa wanaume waliokuwa wanakunywa chai yake.

Ilianzia sokoni. Mheshimiwa alishuka kwenye gari, akamshika mkono mama mmoja muuza nyanya na kumuuliza habari za nyumbani. Yule mama akajibu kwamba nyumba imeungua, wanalala kwa jirani. "Safi sana!" akasema Mheshimiwa, macho yameshahamia kwa mtu wa pili. "Hivyo hivyo, tusirudi nyuma." Watu wakaduwaa. Halafu mmoja akacheka, na kicheko kikasambaa soko zima.

Ikawa mchezo. Mji uliofuata, kinyozi alimweleza kwamba mke wake ametoroka na fundi bomba, akapewa hongera. Mzee mmoja akasema pensheni yake haijaonekana tangu astaafu, akaambiwa tuko pamoja, mzee wangu, kaza mwendo. Vijana wakaanza kuwekeana dau la soda: atakayepata "safi sana" kwa balaa kubwa zaidi ndiye mshindi. Viwanja vikafurika. Watu walitoka mbali, na watoto mgongoni, kuja kumpa Mheshimiwa habari mbaya na kupongezwa. Mtaalamu akapiga picha umati, akafurahi.

Mkewe mwanzoni alicheka pia, huko nyuma kwenye gari, yeye na dereva. Ugonjwa ule aliujua tangu uchumba. Siku Mheshimiwa alipokuja kujitambulisha kwao, alimuuliza baba mkwe habari za afya, na baba mkwe akasema mgongo unamuua. "Tunamshukuru Mungu," akajibu mkwe mtarajiwa, akaketi. Binti alijiambia ni woga tu, ndoa itamzibua masikio. Ndoa haikuzibua kitu.

Kicheko kilimwishia siku aliyotoka hospitali na majibu. Alimkuta mumewe mbele ya kioo, anajifunza kutabasamu bila kuonyesha ufizi.

"Habari za huko?" aliuliza.

"Wameona uvimbe. Wanasema nipasuliwe."

"Safi sana," alisema, akikagua meno. "Tuko pamoja."

Iliuma. Iliuma kuliko uvimbe wenyewe, na yeye alikuwa muuguzi kabla ya kustaafu, maumivu aliyajua. Alimwambia tena mezani, akamwambia tena garini, akapongezwa kote. Siku ya kura aliingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, akaiona picha ya mumewe imemchekea, na mkono ukagoma. Aliweka alama yake kwa bwana mmoja mwenye kipara ambaye sera zake hakuna aliyezielewa, pengine hata yeye mwenyewe, lakini alisifika kwa jambo moja: ukimwambia umefiwa, anasimama, anakupa pole. Ndiye aliyeshinda.

Sasa chai ilikuwa imepoa na mchawi hajapatikana. Mheshimiwa alimgeukia mkewe.

"Mama watoto, wewe unakaa na wananchi. Hebu tuambie, habari za mtaani?"

Aliuliza, kisha akainamia ripoti yake. Mkewe alisimama.

"Mimi mwenyewe sikukupigia kura," alisema. "Na leo nakwenda kupasuliwa titi."

Kikombe cha shemeji kiliishia njiani. Mtaalamu aliondoa vidole kwenye kompyuta. Mheshimiwa alifunua ukurasa.

"Safi sana," alisema. "Mawazo kama hayo ndiyo tunayahitaji."

Mtaalamu alizirudia zile picha za foleni, safari hii akiangalia nyuso badala ya kuhesabu vichwa. Waliotoka kushikwa mkono walikuwa wameinama, wameshika mbavu kwa kicheko. Alifunika kompyuta taratibu.

"Kaka," shemeji aliuliza, "umesikia alichosema shemeji?"

"Nimesikia. Anaunga mkono."

"Anaunga mkono nini?"

"Tugombee tena."

Mkewe aliokota begi. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu, na alishangaa kuona anajisikia mwepesi. Mheshimiwa aliona kivuli kikielekea mlangoni.

"Ah, unatoka? Haya, wasalimie wote huko."

"Zimefika," alijibu, akafungua mlango.

Shemeji alimfuata mbio mpaka kwenye gari, akafika anahema, kwapani ana fulana aliyochomoa kwenye boksi bila kujua kwa nini. Alimpokea begi, akalipakia, kisha akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Unaumwa tangu lini?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka mke wa Mheshimiwa. Neno alilolisubiri wiki zote hizo lilikuwa limetoka kwa muuza matairi aliyefilisika. Dereva aliuachia ufunguo bila kuwasha gari, akangoja. Shemeji alimpa ile fulana ajifute, naye akaufuta uso wake kwa uso wa mumewe, kisha akaanza kusimulia tangu mwanzo.