Shingo ya Chupa

Yule mzee alitokea kwenye lango la shule yetu, Karatu, Jumamosi asubuhi, amejaa vumbi hadi kwenye kope, mkononi ana sanduku la gitaa. Nyuma yake alikuja Tluway, dereva wa watalii, kwa uso wa mtu aliyeshindwa na gari.

"Mwalimu Nikodemu, nisaidie," akasema Tluway. "Springi imekatika pale korongoni. Fundi anasema mpaka saa tisa. Huyu mgeni nimweke wapi? Kule gesti kuna walevi tangu jana."

"Ni nani?"

"Mmarekani. Mweusi kama sisi, lakini nimemwamkia kwa Kiiraqw akabaki kucheka tu. Juzi alipiga gitaa Arusha, watu wazima wakatoa vitambaa wakafuta macho. Leo anataka kuiona kreta, kesho ana ndege."

Mwaka huo, 1982, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Chuo Kikuu. Nilifundisha siasa na Kiingereza, na jioni nilifundisha kwaya ya vijana parokiani. Niliamini hakuna mtu anayepita mahali bure. Nikampa mgeni maziwa ya mgando, kisha nikamwomba, kwa Kiingereza changu cha vitabuni, atufundishe wakati akisubiri gari.

Aliitwa Lemuel Tate. Alifuta maziwa kwenye masharubu, akaniuliza, "Mnayo magitaa mangapi?"

"Mawili. Moja tumelifunga waya wa breki ya baiskeli."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi tutaelewana. Mimi nilianza na waya uliofungia ufagio, niliugongomelea ukutani kwa mama yangu."

Gitaa la pili, lile zima, lilikuwa la Mwalimu Blandina. Blandina alitoka Kilimanjaro, alifundisha hesabu, na katika parokia yote hakuna aliyemfikia kwa kupiga gitaa. Baada ya Pasaka jiko la mafuta lilimlipukia. Ngozi ilipona, lakini vidole viwili vya kati vya mkono wa kushoto vilikakamaa, havikunjiki kabisa. Siku moja alilifunga gitaa kwa kitenge, akaniletea. "Chukua. Mimi na hicho kitu tumemalizana." Nililipokea. Nilitaka arudi kupiga kuliko nilivyotaka chochote changu mwenyewe, na sikujua nifanye nini.

Nilimkuta nyumbani kwake akichambua maharage.

"Kuna bingwa wa gitaa ukumbini parokiani," nikasema. "Njoo usikilize tu."

"Wataanza: Blandina, simama! Blandina, piga! Halafu wataanza kunionea huruma. Huruma yao nimeichoka, Mwalimu."

"Hawatakuita."

"Wewe ndiye utaniita. Nakujua, moyo wako umekaa usoni." Akaacha maharage. "Nitakuja kwa sharti moja. Hutaniita, hutanitaja, hutanitazama hata kwa bahati mbaya. Hata mambo yakiwaje. Niahidi."

"Nakuahidi."

Ukumbi wa parokia ulijaa. Blandina aliingia mwisho, akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, mkono ndani ya kitenge. Mimi nilikaa mbele kama mkalimani. Kwa kuwa sisi wanakwaya hatusemi tumejifunza wimbo mpaka noti zake ziwe ubaoni, niliandika do, re, mi kwa chaki, tayari kunakili kila sauti ya mgeni.

Alipiga polepole, wimbo wa mtu aliyeachwa stesheni ya treni. Niliandika so, nikaandika fa, kisha nikakwama. Sauti iliyofuata ilikuwa juu ya ma, yaani mi iliyoshushwa, na chini ya mi yenyewe. Nikaandika ma, nikafuta. Nikaandika mi, nikafuta.

"Mwalimu, ubao unatoboka," akasema Kisioki, mwimbaji wetu wa besi, kijana wa Kimaasai kutoka Arash. Watu wakacheka.

Nilimweleza Bwana Tate shida yangu. Akaipiga tena ile sauti, akaivuta, ikapanda kidogo kama mtu anayetaka kulia akajizuia. "Hiyo haina nyumba," akasema. "Inakaa njiani. Weka chaki chini, rafiki."

Nikaiweka. Na ukumbi mzima ukaimba ile sauti pamoja naye, tukiitafuta, tukiikosa, tukaipata.

Ndipo akatoa mfukoni kipande cha kioo, shingo ya chupa iliyosuguliwa kingo, akakivaa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Akalegeza nyuzi kadhaa, na gitaa likatoa kodi nzima, sauti kadhaa zinazopatana kwa pamoja, bila kubonyezwa popote. Kisha kioo kikateleza juu ya nyuzi, na gitaa likaimba kwa sauti ya mwanamke. Vidole vingine vilikaa tu, havikuwa na kazi.

Kidole kidogo! Blandina alikuwa nacho, kizima.

"Nina nusu saa," akasema Bwana Tate kwa Kiingereza. "Nani kati yenu ni mpigaji bora? Aje, nimwonyeshe."

Kisioki alikuwa ameshaelewa. "Mwalimu, anauliza mpigaji bora!" Vichwa vikaanza kugeuka nyuma.

"Ni mimi," nikasema haraka.

Ukumbi ulilipuka. Hata kuku waliokuwa mlangoni walikimbia. Wanafunzi wangu walipigana mabega, Kisioki akafunika uso kwa lubega. "Yesu wangu, Mwalimu! Tangu lini?"

Niliketi na lile gitaa zima la Blandina, mgeni akalilegeza nyuzi kama lake, nikavaa kioo. Gitaa lililia kama mlango wa stoo. Niliukandamiza waya, kioo kikagonga vyuma vya shingo, kwa-kwa-kwa. "Mwalimu Chupa!" akaita mtu, na jina hilo lilinifuata mpaka siku ya uhamisho wangu.

"Usikandamize!" Sauti ilitoka nyuma kabisa. "Gusa tu, jamani. Unaua waya!"

Kicheko kikakatika. Nilijua sauti hiyo. Bwana Tate, ambaye hakuelewa neno, alielewa kila kitu. Aliangalia mlangoni kwa muda, akaniangalia mimi na shingo yangu iliyokakamaa.

Kuanzia hapo alinifundisha mimi, lakini kwa sauti ya kufika mlangoni. Alinyanyua mkono wake juu ili uonekane na kila mtu, na mimi nilitafsiri kwa nguvu kuelekea ukutani: kioo kielee, mkono utetemeke kidogo, sikio lidai kabla kidole hakijafika.

Honi ikalia nje. Tluway akachungulia. "Mzee, twende! Lango la Ngorongoro linafungwa saa kumi na mbili!"

Bwana Tate hakuinuka. Akaniinamia. "Kreta niliiota miaka mingi," akasema taratibu. "Lakini mwenye sauti ile akija hapa, nitabaki. Mwite. Neno moja tu."

Neno moja. Lilikuwa mdomoni. Niliona kwa mawazo akimvisha Blandina kioo, niliona nyimbo zote zikirudi. Nikahisi ukumbi wote unanisubiri.

"Mpigaji bora ni mimi, Bwana Tate," nikasema.

Alinishika bega, akalishika sana. Akaniachia kioo kidoleni, akachukua sanduku lake, akaondoka.

"Piga basi, Mwalimu Chupa!" wakapiga kelele.

Nikapiga. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

"Polepole," ikaja sauti kutoka nyuma, safari hii karibu kidogo. "Anzia chini, panda nayo. Usikimbie."

Nikaanza upya, macho yangu ubaoni.